Mtoto Naye Amefiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Lidulamo, waheshimiwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, mashehe, mapadri na wachungaji mliotufungulia hafla hii kwa dua na sala, walimu wenzangu, wageni mliotoka Mafinga na Iringa mjini, ndugu wahitimu wa mafunzo ya ulezi wa watoto wakati wa msiba, wazazi, na nyinyi mliosimama kwenye ukungu huu kwa sababu turubai limekwisha kabla ya watu kwisha: kamwene!

Nashukuru. Mmeitika kama watu waliokwisha kunusa pilau.

Kwa wageni wasionifahamu, mimi ni Mwalimu Shufaa. Nilifundisha shule ya Mlandege, Iringa mjini, hadi nilipostaafu, kisha nikamfuata mume wangu huku kwenye chai, na kwa kuwa mstaafu huonekana hana kazi, watu wa hapa wakanipa uenyekiti wa kamati ya ulinzi wa watoto ya kata. Leo nimeombwa niseme maneno machache kabla Mheshimiwa hajakata utepe wa jengo hili la unasihi. Mshereheshaji wetu, kijana Anwari, alinikumbusha pale mlangoni: "Mwalimu, yawe mafupi, na yawe ya furaha." Anwari mwanangu, ufupi nitaufikiria. Furaha sinayo.

Sinayo kwa sababu leo hii, saa tisa alasiri, wakati sisi tutakuwa tunachokonoa meno, katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa kutakuwa na kikao cha ukoo. Vikao vya namna hiyo mnavijua. Ni cha kuondoa matanga ya binti yetu Paskalina, mchuma chai, ambaye tulimzika mwanzoni mwa juma hili. Ameacha watoto wawili, na baba yao alikwisha kutangulia. Mkubwa ni Atuganile, yuko darasa la sita. Mdogo ni Adamu, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Kikao kitagawa vyombo, kitagawa vitenge, na kikimaliza vitenge kitagawa watoto. Atuganile atabaki hapa kwa bibi yake mzaa mama. Adamu ataondoka kesho alfajiri na baba yake mdogo kwenda Chunya. Ndivyo ilivyokwisha kusemwa jikoni, na yaliyosemwa jikoni, kikao huwa kinakuja kuyapigia makofi tu.

Na Adamu hajaambiwa kwamba mama yake amekufa.

Naomba msigune. Wengi mnaoguna ndio mliomficha. Siku ya maziko, mtoto yule alichukuliwa asubuhi akapelekwa kwa jirani kucheza, akaambiwa mama amekwenda Mafinga kumnunulia sare ya shule. Jeneza lilipotoka, redio ya jirani ilifunguliwa kwa sauti kubwa ili asisikie vilio. Tulipotoka makaburini tukanawa mikono, tukala, na mtoto akarudishwa nyumbani akakuta watu wamejaa, hakuna aliyemwambia wamejaa kwa nini. Tangu siku hiyo, kila akipewa chakula, Adamu hukata kipande cha kiazi chake, hukiweka kwenye bakuli, hukifunika kwa sahani, na kusema hicho ni cha mama, atakuja na njaa. Watu wazima wanatazama na kutabasamu. "Mtoto huyu ana akili!" Kisha usingizi ukimchukua, dada yake Atuganile hukitoa kile kiazi na kukitupa kwa kuku, ili mdogo wake akiamka aamini kwamba mama alipita akala, akarudi Mafinga.

Msichana wa darasa la sita. Amefiwa na mama, na badala ya kuachwa alie, tumempa kazi ya kuendesha uongo wetu. Je, ukatili ni fimbo peke yake? Ni lazima mtoto avuje damu ndipo kamati ikutane?

Kabla sijaendelea, niwatoe wasiwasi. Adamu hayupo hapa. Yeye na dada yake wapo nyumbani kwa Bibi Taslim, mke wa Bwana Nadeem mwenye duka la vifaa, na nimemwomba Bibi Taslim afunge dirisha la upande huu, kwa sababu namfahamu Anwari na maspika yake. Mimi si mtu wa kumtangazia mtoto kifo cha mama yake kwa spika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe umetembelea wilaya nyingi, unisahihishe nikikosea. Sisi watu wa nyanda hizi za juu hatujui uvivu msibani. Mtu hajapoa, tayari kuna kamati ya chakula, kamati ya kuni, kamati ya kaburi, kamati ya jeneza, kamati ya usafiri wa wageni, na siku hizi kuna kamati ya picha na video. Kila mtu ana kazi. Ukifika msibani ukakaa bila kazi, unaonekana umekuja kuhesabu mabati ya watu. Haya, kamati ya watoto iko wapi? Nani ametumwa kukaa na watoto wa marehemu, kama yule aliyetumwa kukoka moto? Hakuna. Kuku wa kuchinjwa wana mtu wa kuwaangalia. Watoto wanaangaliwa na Mungu.

Ndiyo maana kamati yetu ilianzisha mafunzo haya. Hatukutaka jambo kubwa. Tulitaka kila kitongoji kiwe na mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye msiba ukitokea, kazi yake ni watoto tu. Awaambie ukweli kwa maneno ya umri wao, au amsaidie mzazi aliyebaki kuwaambia. Awaulize kama wanataka kumwaga udongo kaburini au hawataki, na akubali jibu. Aende shuleni kumwambia mwalimu wa darasa, ili mtoto asiyesikiliza asiitwe mtukutu na asiyekuja asiitwe mtoro. Na awatembelee baada ya matanga, wakati wageni wamekwisha kuondoka na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mnasihi kutoka Iringa alikuja akafundisha, wenzetu hawa waliokaa mstari wa mbele wakajifunza, wakaigiza, wakalia humo darasani, maana wengi wao nao waliwahi kuambiwa kwamba mama amesafiri.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwa Paskalina. Mhitimu wetu wa kitongoji kile ni Waridi, muuza vitenge wa gulio la Igowole, huyu hapa mwenye mtandio wa kijani. Habari ya kifo ilipofika, Waridi alifunga meza yake akaenda msibani. Akaingia jikoni kwa adabu kumwamkia mama mmoja mkubwa wa ukoo, ambaye yupo hapa na ataniwia radhi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukaa na watoto."

"Marahaba. Watoto wamefanya nini?"

"Wamefiwa, mama."

"Waliofiwa ni sisi wakubwa. Watoto wanacheza. Kwani wewe ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo. Mimi ni mlezi wa msiba."

"Mlezi wa msiba! Huo msiba unanyonya?"

Jiko zima likacheka. Na nyinyi mnacheka. Waridi akapewa kisu akaonyeshwa gunia la viazi. Mtu aliyefundishwa namna ya kukaa na mtoto aliyefiwa, kata nzima ikampigia makofi, siku ya kazi yake tunampa kisu amenye viazi!

Nimsifu Waridi hapa mbele yenu, maana hakununa na hakurudi gulioni. Alilibeba gunia lake nje, akakaa kwenye ngazi ambako watoto walikuwapo, akamenya huko. Baada ya muda Atuganile akaja akachukua kisu cha pili, akaketi kando yake, wakamenya wote wawili. Kisha mtoto akauliza, bila kuinua macho, "Shangazi, uongo huu nitausema mpaka lini?"

Ninyi mngemjibu nini?

Jibu halikuwa la Waridi. Lilikuwa la kata. Kata hii ilikwisha kulijibu swali hilo, kisha ikalifungia jibu kabatini. Mwaka jana mikutano mikuu ya vijiji vyetu vyote ilipitisha azimio. Nililiandika mimi na wenzangu, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Linasema kwamba kwenye kila msiba wenye watoto, mlezi wa msiba ateuliwe saa ile ile kamati nyingine zinapoteuliwa, na asizuiwe. Linasema mtoto asihamishwe nyumbani kwao kabla hajaambiwa ukweli na kusikilizwa, na kabla afisa ustawi wa jamii hajapata habari. Linasema ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, walau mpaka muhula wa shule umalizike, isipokuwa kama usalama wa mmoja wao unadai hivyo. Wananchi waliinua mikono. Wengine waliinua yote miwili. Azimio likaenda ngazi ya kata lipate nguvu ya sheria ndogo. Likafika. Likakaa.

Nilikwenda kuuliza. Mhusika nisingependa kumtaja, kwa kuwa amekaa karibu na mimi na ameanza kutazama viatu vyake.

"Mwalimu, azimio lipo, halijapotea."

"Linangoja nini?"

"Jengo. Tunataka yaende pamoja, yapendeze."

"Na jengo linangoja nini?"

"Uzinduzi."

"Uzinduzi nao?"

"Mgeni rasmi apate nafasi."

"Na watu wa kata hii wamekubali kutokufa mpaka mgeni rasmi apate nafasi?"

Akasema, "Mwalimu, na wewe bwana." Hilo ndilo jibu la serikali nililopewa.

Mheshimiwa, si kosa lako, na nafasi umeipata leo tunashukuru. Lakini ukiingia humo ndani naomba utazame vizuri. Utaona ukutani wamechorwa twiga na simba wanaocheka. Utaona viti vizuri vya watoto, bado vimevikwa nailoni, na mlinzi ameagizwa nailoni isitolewe. Ufunguo unakaa Mafinga, anakokaa mwenye dhamana, ambaye huja siku za kazi mvua isiponyesha. Na nyinyi mnajua mvua ya Mufindi. Mlangoni kuna tangazo kwamba mtoto anayehitaji huduma aje na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chake. Nililisoma mara mbili nikidhani miwani yangu imechoka. Mtoto aliyeogopa mpaka akapoteza usingizi atembee kwenda kuomba barua, arudi nayo, akute mlango umefungwa, halafu ndani kuna simba anacheka!

Silikatai jengo. Nililiomba mwenyewe. Ninachokataa ni kulifanya jengo kuwa ndiyo kazi. Mtoto hapati jeraha hapa kwenye jengo. Analipata nyumbani, njiani, shuleni na kikaoni. Huko ndiko dawa inakotakiwa kwenda, na dawa yenyewe ina miguu. Ina mtandio wa kijani, imekaa mstari wa mbele.

Nani huko nyuma anasema haya ni mambo ya Wazungu? Simama, mzee wangu. Husimami. Basi sema ukiwa umekaa.

Anasema kugawana watoto ni mila, na kwamba yeye mwenyewe aligawiwa na amekuwa mtu mzima bila tatizo.

Asante, mzee. Hoja yako ni ya haki, na sitaijibu kwa dharau. Wewe ulipofiwa, uligawiwa kwa nani? Kwa baba mkubwa. Nyumba yake ilikuwa wapi? Ng'ambo ya kijito. Ukilia huku, mama yako mdogo anasikia kule. Asubuhi unakunywa uji kwa baba mkubwa, mchana unakula kwa bibi, jioni unacheza na dada zako wale wale, kwenye uwanja ule ule, na kaburi la mama yako unaliona ukienda kuchota maji. Hiyo ndiyo mila niliyoisikia kwa wazee wa hapa, na ilikuwa mila ya watu wenye akili. Mtoto alibadilishiwa mkeka, hakubadilishiwa dunia. Leo ukoo umetawanyika. Huyu yuko Makambako, yule yuko Chunya, yule yuko Dar es Salaam na haijulikani mtaa. Tumeuacha uwanja, tumebaki na kugawana. Mzee wangu, ukiondoa uwanja, kilichobaki si mila tena.

Nyinyi nyote ni wapandaji wa miti. Kuna mtu hapa anayehamisha mche wa msindano siku ya sakitu, wakati majani yameganda? Hakuna. Na mnapouhamisha siku njema, mnaung'oa mzizi mtupu? Mnaubeba na kiriba chake, na udongo wake ndani, ili usijue sana kwamba umehama. Hayo mnayafanya kwa mti wa mbao. Kiriba cha Adamu ni dada yake.

Tunapenda kujisifu kwamba watoto wa huku ni wagumu. Wamezoea baridi, wamezoea mlima, watazoea na hili. Watasahau. Nimekaa darasani miaka yangu yote ya kazi, na naomba niwaambie kwamba sijamwona mtoto aliyesahau. Nimewaona walionyamaza. Kunyamaza tukakuita ustahimilivu, kwa sababu kunatupumzisha sisi. Ustahimilivu wa kweli haumei penye uongo. Unamea pale mtoto anapojua kilichotokea, akaruhusiwa kukililia, akawa na walau mtu mzima mmoja ambaye keshokutwa atakuwa yule yule, na kitanda kile kile, na dawati lile lile. Hayo ndiyo yote. Hayahitaji mfadhili. Yanahitaji sisi tuache kuwa na haraka na watoto.

Sasa nimfikie baba mdogo. Asukile yupo hapa, safu ya tatu, mwenye koti la ngozi. Msigeuke wote kwa pamoja, hajafanya kosa. Leo asubuhi alikuja nyumbani kwangu kunisalimia, kama kijana mwenye malezi.

Nikamwuliza, "Kesho unaondoka na Adamu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni damu ya kaka yangu. Nikimwacha huku, kwetu Rungwe watasema Asukile kamtupa mtoto wa kaka yake kwenye chai."

"Na Atuganile?"

"Yule ni wa kike, atamsaidia bibi yake."

"Ukiwa shimoni unachimba dhahabu kule Chunya, Adamu atakaa na nani?"

"Kuna mama ntilie jirani yangu. Mtu mzuri sana."

"Adamu mwenyewe anajua kwamba anahama?"

"Atajua akifika. Akiona mazingira mapya atasahau."

"Wewe ulifiwa na baba ukiwa na umri gani?"

"Mdogo tu. Kama yeye."

"Ulisahau?"

Akachezea kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mwalimu, hayo si maswali ya asubuhi."

Nikamwomba ruhusa nimtaje kwenye hotuba hii. Akacheka. "Nitaje tu, mimi si mwizi." Na kweli si mwizi. Huyu ni mtu aliyedandia malori kutoka Chunya, njia yote ya vumbi, ili awahi kumzika shemeji yake, ingawa ukoo wa shemeji haukumdai afike. Ni yeye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza. Ndugu zangu, watoto wetu hawajeruhiwi na watu wabaya peke yao. Mtu mbaya tungemkamata. Wanajeruhiwa na watu wema wenye haraka, wanaopenda na hawajui waanzie wapi, na sisi tulioitwa viongozi tunawaacha hivyo hivyo kwa sababu muhuri haujafika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulikuwa unatazamia nikuombe sahihi. Sahihi naomba, lakini si ombi langu la leo. Sahihi ya leo itapita ofisi hii na ile, na itakapokamilika Adamu atakuwa ameshajifunza kuosha sahani za mama ntilie. Ombi langu ni kwamba utepe ungoje. Bibi mzaa mama yupo hapa. Baba mdogo yupo hapa. Waridi yupo. Naomba watu hawa watatu waondoke sasa, kabla ya pilau, kabla ya kikao, waende kwa Bibi Taslim wakamwambie mtoto. Baada ya hapo ndipo kikao kikae, kikijua watoto wanasemaje.

Naona Asukile amesimama. Keti tu, mwanangu, sikukusimamisha. Hataki kuketi. Anwari, mpelekee kipaza sauti. Hataki kipaza sauti. Basi tunyamaze tumsikie.

Kwa mliokuwa mbali, amesema hivi: "Mwalimu, nimekubali kwenda. Ila maneno yenyewe siyajui. Nikimweka mbele yangu, naanzia wapi?"

Mmesikia? Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa siku ya msiba, na jikoni pale alikuwapo wa kulijibu, anamenya viazi.

Asukile, nisikilize, na wengine msikilize, kwa kuwa hakuna nyumba ambayo haitayahitaji. Usimsimamie, kaa chini, uso wako uwe sawa na wake. Dada yake awe kando yake, na yeye asiseme lolote, kazi yake imekwisha leo. Usiseme mama amelala, maana usiku ataogopa kufumba macho. Usiseme Mungu alimpenda zaidi, atamchukia Mungu. Usiseme amesafiri. Sema: "Adamu, mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, tumemzika, hatarudi. Hukufanya kosa lolote. Ni sisi tuliokosea kukuficha." Kisha nyamaza. Atauliza jambo la ajabu, labda sare iko wapi. Mjibu hilo hilo aliloliuliza. Akilia, mwache alie. Asipolia, usimlazimishe. Wewe ukilia, si aibu.

Kuna neno moja la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote. Atataka kujua yeye atakuwa wapi na dada yake atakuwa wapi. Unapaswa kumwambia, "Hamtatenganishwa." Lakini usilitamke neno hilo kama si kweli. Tumekwisha kumdanganya vya kutosha. Kwa hiyo nakuuliza, mbele ya shemeji na wakwe zako, na unaweza kukataa kunijibu: ni kweli, au si kweli?

Amesema, "Ni kweli. Gari la kesho liondoke tu bila Adamu."

La, msipige makofi. Tafadhali. Makofi yanasikika mpaka kwa Bibi Taslim, na mtoto atauliza kuna sherehe gani. Bibi, nyanyuka taratibu, mshike Waridi mkono. Wapiga picha mbaki hapa hapa, hii haipigwi. Mwenye dhamana ya jengo, naomba ufunguo, si wa mlango wenye utepe, ni wa mlango wa nyuma, kwa sababu nyumba ya Bibi Taslim leo ina wageni, na huenda mtoto akataka mahali penye utulivu. Na nailoni kwenye viti itolewe. Sasa hivi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona nawe umesimama. Nashukuru. Diwani pia. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa naitafuta tangu asubuhi.

Kwa subira yenu katika baridi hii, na kwa masikio mliyonipa, Mungu awalipe. Sasa wapisheni njia.